Nusu Maisha Yake

Tangu amrudishe mkewe kutoka hospitali, Fundi Pimatatu alikuwa hakaliki. Akiketi kwenye benchi la karakana, benchi linamchoma; akisimama, miguu inamtuma kwenda asikokujua. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya kwanza aling'oa misumari iliyofunga dirisha la chumba cha kulala, akalilainisha kwa mafuta mpaka likawa linafunguka bila kelele. Siku ya pili akakaza miguu ya meza ya cherehani, iliyokuwa ikicheza tangu binti yao anaota meno. Siku ya tatu akaushughulikia mlango wa chumba hicho hicho, mlango mbishi uliozoea kufunguliwa kwa bega. Akautoa kwenye bawaba, akaupiga randa, akaurudisha. Sasa ulifunguka kwa kidole kimoja.

Mkewe aliyatazama haya yote kutoka kona ya mbali ya chumba, mgongo ukutani, akishangaa. Kazi hizo alikuwa ameziomba miaka nenda miaka rudi, akachoka, akanyamaza. Alimuuliza kama amegombana na wateja. Fundi akasema hapana, ni vumbi la mbao limempanda kichwani.

Jina la Pimatatu alilipata kwa sababu hapitishi msumeno mahali kabla hajapima mara tatu. Ubao wa kitanda atapima mara tatu, kigoda cha kukalia mtoto atapima mara tatu. Jambo moja tu maishani mwake alilipima mara moja na kulikata papo hapo, na jambo lenyewe ndilo lililokuwa likimzungusha uani.

Ilikuwa hivi. Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa vile pindo lake halikujua kufumuka. Mwaka huo tezi ya shingo yake ilianza kufanya kazi kupita kiasi. Ilimwendesha usiku na mchana, kama kuna mtu ameweka mguu kwenye kanyagio la cherehani akasahau kuuondoa. Akakonda huku anakula. Akatokwa jasho huku wenzake wanajifunika. Moyo ukamdunda akiwa amekaa tu, na mikono ikatetemeka hata uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Mshonaji asiyeweza kutunga uzi ni nani? Akawa anazunguka nyumbani akipanga vilivyopangwa na kupangua alivyopanga.

Daktari akaamua apewe kidonge cha madini joto yenye mionzi. Tezi ile ni mlafi wa madini joto, ikiyaona haichagui, kwa hiyo itayameza pamoja na mionzi yake, na mionzi itaiunguza kutoka ndani mpaka itulie. Kidonge kinatolewa kwenye chumba chenye alama ya manjano mlangoni, alama ya mapanga matatu kama feni iliyosimama. Mtaalamu wa mionzi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kijisahani kifuani cha kuhesabu mionzi inayompata. Alimtuma Fundi akajaze chupa ya maji, maana mgonjwa angehitaji kunywa sana. Fundi akaenda, bomba likawa na foleni, akachelewa. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na sauti ya mtaalamu ikatoka:

"Nusu maisha yake ni siku nane tu, mama."

Kisha akamsikia mkewe akicheka.

Mtaalamu alikuwa akizungumza habari za dawa. Ndivyo wataalamu wanavyouita muda ambao nusu ya kitu chenye mionzi huwa imekwisha kubadilika. Lakini neno "yake" halisemi ni la nani. Linaweza kuwa la dawa, la paka, la mtu. Fundi alisikia la mtu. Akasimama pale na chupa mkononi, maji yanamchuruzikia kiatuni, akapiga hesabu ya seremala: ikiwa nusu ni siku nane, nzima ni kumi na sita.

Angeuliza, yangeisha pale pale. Lakini alikuwa amemsikia mkewe akicheka, naye akajua anavyomjua: huyu amepewa habari nzito, ameamua kuibeba peke yake asinitishe. Basi kama yeye anajikaza, na mimi nitajikaza. Akaingia, akampa maji, akasema bomba la hospitali lina foleni ndefu.

Njiani Mama Pindo alimweleza masharti. Atalala chumba cha peke yake wiki tatu. Vyombo vyake viwe mbali, chooni amwage maji mara mbili. Mumewe asimsogelee chini ya mita mbili kwa muda mrefu, na mtoto mdogo au mwenye mimba asifike kabisa. Hilo la mwisho alilirudia, kwa kuwa binti yao wa pekee alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliporomoka kabla hazijaonekana.

Maelezo yalikuwa kwenye karatasi mbili. Ya kwanza alibaki nayo Mama Pindo. Ya pili Fundi aliitia mfukoni, na alipofika karakana akaisoma kwa kuchungulia, kama anayesoma barua ya mwenzake. Ilianza juu kabisa hivi: "Kuoza kwake huanza mara moja, wala hakusimamishwi kwa baridi, joto wala dawa nyingine." Hakuendelea. Aliikunja mara nne, akaificha chini ya kopo la gundi.

Kuoza kwake. Hata kufa hajafa.

*

Mama Pindo mwenyewe, huko chumbani, alikuwa na jambo la kumfurahisha. Elimu yake iliishia darasa la saba, lakini alimhoji yule mtaalamu mpaka akamtoa jasho, na alichokipata alikigeuza vitendawili, apate kumchezea mumewe kupitia mlangoni. Fundi aliweka kigoda chake mita mbili kamili kutoka kizingitini, kipimo cha futi ya chuma, akakaa hapo kila jioni kabla jua halijazama.

"Kitendawili," alisema Mama Pindo siku ya nne.

"Tega."

"Ndugu watatu wametoka nyumba moja. Wa kwanza kazuiwa na karatasi. Wa pili kazuiwa na ubao. Wa tatu kapita ukuta bila kubisha hodi."

Fundi alifikiri. Huyo wa tatu alimjua. Lakini hakuthubutu kumtaja, akasema ameshindwa.

"Nipe mji."

"Chukua huu huu tulio nao, na stendi yake."

Mama Pindo akacheka. Akamweleza kwamba vitu vyenye mionzi, kiini chake kikichoka kukaa kilivyo, hutema. Vingine hutema alfa, na alfa ni mnene, mzito, hafiki mbali. Karatasi tu inamtosha. Vingine hutema beta, mwembamba, mwenye mbio, lakini hata yeye ubao mnene unammaliza. Mara nyingi nyuma yao hutoka gama, asiye na mwili, mwanga mtupu usioonekana, na huyo mpaka umwekee madini mazito ya risasi au zege. Dawa yake yeye ina wawili, beta na gama. Beta anafanya kazi hapa shingoni, hatoki hata upana wa punje ya mchele. Gama ndiye anayetoka nje kutembea, na kwa ajili ya huyo gama ndiyo maana mume amekaa huko kama mdai asiyekaribishwa ndani.

Fundi aliitikia "ehe" na "kumbe" mahali panapotakiwa, lakini maneno yalipita juu kwa juu. Aliona tu jinsi mkewe anavyojitia uchangamfu. Na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Shingo inamuuma kidogo, alisema Mama Pindo, aliambiwa itauma. Fundi akahesabu: nne, zimebaki kumi na mbili.

Siku ya sita alipiga simu. Alishaichukua mara tano na kuirudisha mfukoni. Aliyajua masharti, hakuwa amesahau. Alikuwa ameyapima kwa namna yake. Mwenye siku kumi na sita hawezi kuondoka bila kumwona mwanawe, na mwana hawezi kuja kuambiwa makaburini kwamba tulikuficha kwa sababu ya mimba. Masharti ni ya watu watakaopona, alijiambia. Kisha alijiambia kinyume chake, akatoka uani, akarudi, akapiga.

Alimwambia binti yake aje. Binti akauliza kuna nini. Fundi akasema aje tu, asimuulize mama yake kitu. Binti akasema atakuja keshokutwa.

Keshokutwa ilikuwa siku ya nane.

*

Siku ya saba Fundi hakufanya kazi hata moja. Aliharibu mbao mbili nzuri kwa kukata pasipo alama. Mteja aliyefuata kabati lake alimtania kwamba Pimatatu sasa amekuwa Pimasifuri, Fundi akamwangalia mpaka mtu akaaga.

Jioni mkewe akatega kingine.

"Nina mgeni shingoni. Kila siku nane nusu yake huondoka, na nusu iliyobaki huondoka nusu. Haagi wala hafungi virago. Ni nani?"

Fundi akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Usinitegee huyo," alisema. "Huyo simtaki."

Akaenda zake karakana, akamwacha Mama Pindo na jibu lake mdomoni. Mama Pindo akakaa kitandani akitetemeka mikono, akijiuliza mwanamume huyu amepatwa na nini. Alitengeneza dirisha. Alitengeneza mlango. Sasa anakimbia vitendawili. Moyo wake ulikuwa ukimwenda mbio hata bila hilo, na sasa ukazidi. Alifungua sanduku la vitambaa, akavikunja vyote upya, akavikunjua.

*

Binti alifika karibu na adhuhuri, tumbo mbele, mfuko mmoja begani. Fundi alimlaki getini. Alikuwa amepanga maneno ya kumwandaa, lakini binti alimtazama usoni mara moja tu, akasema, "Yuko wapi?" na macho ya Fundi yakaenda yenyewe kwenye mlango wa chumba.

Binti hakungoja. Tangu utotoni mlango ule aliujua kwa bega, basi akaupiga bega. Mlango uliolainika ukafunguka wote kwa mpigo, naye nusura aanguke ndani.

Mama Pindo alikuwa dirishani. Aligeuka, akaona tumbo.

Yaliyofuata yalichukua muda wa pumzi tatu. Alinyoosha mkono mbele kama mtu anayezuia gari, akasema kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia, "Usiingie." Binti akasimama kizingitini, analia. Mama Pindo hakuwa na njia nyingine ya kutokea, na mtu wa umri wake hapandi madirisha. Lakini ugonjwa ulikuwa umemkondesha, na dirisha lilikuwa limetiwa mafuta. Alipandisha mguu, akajigeuza, akashukia nje kwenye ndoo za kufulia, akakimbia mpaka mwisho wa ua chini ya kamba za nguo.

Hapo ndipo walipojikuta wote watatu. Mama kwenye kamba, binti aliyerudi uani yuko mlango wa karakana, na baba katikati, hajui aelekee wapi.

"Nani kamleta mwanangu hapa?" aliuliza Mama Pindo.

Binti akajibu, akijifuta pua kwa ukingo wa mtandio. Alisema baba amempigia simu, na kwa sauti ile ya simu alijua mama yake anakufa.

"Nakufa lini?"

Binti akamtazama baba yake.

"Zimebaki siku nane," alisema Fundi. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilisikia kwa masikio yangu. Nusu maisha yake siku nane. Wewe ukacheka. Nikaona hutaki nijue."

Mama Pindo alisimama huku shuka lililoanikwa likimpigapiga begani. Mtu angeweza kuona neno "yake" likimgeuka kichwani, mara upande huu, mara upande ule.

"Yake," alisema hatimaye. "Ya dawa, mwanamume wewe. Nusu maisha ya dawa."

Fundi akaingia karakana kama mtu anayekwenda kutafuta shahidi, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa mkononi, aliiweka chini katikati ya ua, akarudi nyuma, mkewe akaja akaiokota, akarudi kwenye kamba zake. Akausoma ule mstari wa kwanza kwa sauti. Kuoza kwake huanza mara moja.

"Ni dawa inayooza," alisema. "Kiini kinatema, kinageuka kitu kingine, ndiyo huko kuoza. Mimi nimeshaozwa mara moja tu, niliozwa kwako, na hilo kweli halikusimamishwa kwa baridi wala joto."

Binti alicheka katikati ya kilio, kicheko kikamtoka na makamasi. Fundi hakucheka. Yeye aliyezunguka siku nane alikaa chini kwenye vumbi la mbao, mzee mzima, mabega yanamtikisika.

Lakini Mama Pindo hakuwa na nafasi ya kumhurumia. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwambia binti asogee mbali zaidi, hata pale alipo ni karibu, asogee. Kisha akamwamuru mumewe ampigie simu mtaalamu sasa hivi, amuulize kama wamemuumiza mtoto.

Simu iliita sana. Mtaalamu alipopokea, Fundi alimwaga yote kwa mkupuo, bila kuficha ujinga wake. Mtaalamu hakumcheka. Aliuliza mambo mawili tu: walikuwa mbali kiasi gani, na kwa muda gani. Fundi akamwomba asubiri. Akachukua futi ya chuma, akapima kutoka kizingitini mpaka dirishani. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Mita tatu na robo, alisema. Pumzi tatu.

Mtaalamu akamwambia mionzi hupungua haraka sana ukisogea mbali, kama joto la jiko, na kwa umbali huo na muda huo mtoto hakupata kitu cha kumtia mtu wasiwasi. Asirudie tu. Amwone mama yake kwa mbali, leo aondoke, na atakapozaliwa mjukuu, bibi atambeba bila hofu yoyote, kwa sababu mimba ina miezi miwili mbele na dawa haina.

Fundi alirudia kila neno kwa sauti, wale wawili wasikie. Binti akashusha pumzi, akakaa kwenye benchi, viganja vyote viwili tumboni. Mama Pindo akashika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

Fundi alikuwa bado na simu sikioni. Akauliza kitu kilichokuwa kikimkera tangu hapo. Ikiwa nusu inaondoka siku nane, nusu ya pili si inaondoka siku nane nyingine, ikaisha siku ya kumi na sita? Mtaalamu akasema hapana, baba, siku ya kumi na sita inabaki robo, kisha nusu ya robo, na hivyo hivyo, japo mwili nao hujisafisha kwa mkojo, ndiyo maana wiki tatu zinatosha. Fundi aliielewa kama ubao anaoukata katikati, kisha nusu yake katikati, mpaka unabaki unga wa msumeno.

"Na hicho kiini kimoja," aliuliza, "kinajuaje kuwa zamu yake imefika?"

"Hakijui," alisema mtaalamu. "Na sisi hatujui. Kimoja kinaweza kuondoka sasa hivi, jirani yake akakaa miezi. Tunachojua ni kundi tu. Cha mmoja mmoja hakuna anayekijua."

Fundi akashukuru, akakata simu. Hilo la mwisho hakulirudia kwa sauti.

*

Binti alikaa hadi jua lilipoinama, kwenye benchi la karakana, akizungumza na mama yake kwa kupaza sauti kutoka ncha moja ya ua hadi nyingine, mpaka majirani wakajua habari zote za mimba ile bila kuuliza. Kisha akaenda kulala kwa rafiki yake, asubuhi arudi kwake.

Mama Pindo alirejea chumbani, safari hii kwa mlango. Fundi akakaa kwenye kigoda. Hakukaa vizuri. Aliinuka, akakagua bawaba, akakaa.

"Bado unahangaika," alisema mkewe. "Umeambiwa sifi."

"Umesema hufi siku ya kumi na sita. Nilikuwa na namba. Mbaya, lakini namba. Sasa sina."

Mama Pindo alisugua mikono yake inayotetemeka.

"Zile siku nane ulikuwa mume mzuri," alisema. "Dirisha, meza, mlango. Kilibaki nini?"

"Neno. Nilipanga kulisema siku ya kumi na tano."

"Sema leo."

"Si la haraka."

"Fundi. Sema leo."

Aliinuka tena. Akatazama getini kama binti hajarudi. Akakaa.

"Suruali ya kwanza uliyonishonea, kabla hatujaoana. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Niliivaa miaka mitatu hivyo hivyo. Niliogopa nikilalamika utaona haya, usiniangalie tena."

Ndani kitanda kikalia, Fundi akadhani amemuudhi.

"Niliukata mfupi makusudi," alisema Mama Pindo. "Ili urudi kulalamika. Nikangoja wiki, mwezi. Hukurudi. Nikaanza kukuona mtaani unachechemea na suruali ile, nikasema huyu ama ni mjinga ama ananipenda, wacha niende karakana mwenyewe nikaagize meza nisiyoihitaji."

Miaka yote hiyo Fundi alijua kuwa meza ile ndiyo iliyowakutanisha. Bila kufikiri akakisogeza kigoda mbele.

"Rudi nyuma," alisema mkewe.

Akarudi nyuma.

"Zaidi. Umerudi inchi moja, nakuona."

"Ni inchi mbili," alisema Fundi. "Nimepima kwa macho."